Namba ndogo za moyo

Nilipoanza kazi ya maabara mwaka 1987, kupima damu ya mtu aliyebanwa kifua kulikula karibu saa mbili, na hapo umeme uwe haujakatika. Damu unaiacha igande kwenye tyubu, unaizungusha mpaka chembe nyekundu zikae chini, kisha unavuta seramu iliyobaki juu. Tulivuta kwa mdomo, pipeti ya kioo imebanwa midomoni kama mrija wa soda, na UKIMWI ndio kwanza ulikuwa umeanza kututia hofu ya mazoea hayo. Seramu inachanganywa na kitendanishi cha kwanza, inakaa kwenye beseni la maji ya nyuzi 37 kwa dakika 60 kamili. Unatia kitendanishi cha pili, unangoja dakika 20. Mwisho unamimina maji ya kostiki, na papo hapo tyubu inageuka rangi ya kahawia. Ikiwa hafifu kama chai ya mkandaa, mgonjwa yuko pazuri. Ikikolea kama kahawa ya kwenye dele, unaipeleka kwenye mashine ya kusoma rangi huku moyo wako mwenyewe unakwenda mbio.

Kipimo hicho tulikiita SGOT, na namna hiyo ya kukifanya ilibuniwa na Reitman na Frankel mwaka 1957. Umeme ukikatika dakika ya arobaini, maji yanaanza kupoa, na kazi yote inarudiwa kuanzia mwanzo. Mara ngapi nimemwona muuguzi wa zamu amesimama mlangoni akiulizia majibu, nami sina cha kumpa ila tyubu zilizopoa!

Mzee aliyenifundisha kazi, Mungu amrehemu, alinikataza kuandika "kawaida" au "juu" peke yake kwenye rejista. "Andika namba, mwanangu, na saa damu ilipotolewa. Ukubwa na udogo wake ataupima daktari." Nilidhani ni ukali wa wazee. Rejista zetu zilikuwa na safu nyembamba, kalamu zenyewe za kugombania, na kuandika neno moja kulikuwa kwepesi zaidi. Sasa nimebakiza miezi kustaafu, na ninaona kwamba historia yote ya vipimo vya moyo vya damu imo ndani ya agizo lile. Kwa miaka arobaini na zaidi namba ndogo zilifutwa kwa neno "kawaida", na ndani ya neno hilo walikuwamo watu.

Kisa chenyewe kinaanzia New York. Daktari wa Chicago, James Herrick, alikwisha kueleza mwaka 1912 kwamba mtu anaweza kuzibwa mshipa wa moyo na asife papo hapo, jambo ambalo wengi hawakuliamini. Lakini kumtambua mtu huyo akiwa kitandani kulitegemea maneno yake, michoro ya umeme wa moyo, homa, na hesabu ya chembe nyeupe. Damu yenyewe haikuwa na cha kusema juu ya moyo. Mwaka 1954, huko New York, John LaDue, Felix Wróblewski na kijana mmoja aliyeitwa Arthur Karmen walichapisha kwenye jarida la Science ripoti fupi kuhusu SGOT hiyo hiyo, kimeng'enya ambacho kimejaa ndani ya msuli wa moyo. Seli ya moyo ikifa, ukuta wake unalegea na kimeng'enya kinavuja kuingia kwenye damu. Walikipima kwa wagonjwa wa mshtuko wa moyo wakakiona kinapanda ndani ya saa chache, kinafika kilele siku ya kwanza au ya pili, kisha kinashuka. Kwa mara ya kwanza mtu wa maabara, ambaye hajamwona mgonjwa wala kumshika mkono, aliweza kusema: moyo huu umeumia.

Vimeng'enya vingine vilifuata upesi. Wróblewski na LaDue wakaleta LDH, ambayo huchelewa kupanda lakini hukaa kwenye damu wiki nzima na zaidi. Mwaka 1960 Wafaransa, kina Dreyfus na Schapira, wakaonyesha kwamba CPK nayo hupanda baada ya mshtuko, na hiyo huwahi kuliko SGOT lakini hupotea baada ya siku mbili tatu. Ukizipanga tatu hizo ulikuwa kama msoma nyayo ufukweni maji yakishakupwa: huyu amepita asubuhi, huyu jana, huyu juzi. Mgonjwa aliyefika akiwa amechelewa siku nne kwa kukosa usafiri, CPK yake imeshalala, ila LDH bado inamshuhudia. Kwetu sisi, ambao wagonjwa wetu karibu wote walichelewa, LDH ilikuwa rafiki.

Lakini nyayo hizo hazikuwa za moyo peke yake. SGOT imo kwenye ini, na kwetu pwani hatukuwahi kukosa wagonjwa wa ini. LDH imejaa ndani ya chembe nyekundu, kwa hiyo ukivuta damu kwa pupa, sindano nyembamba, mshipa mgumu, chembe zinapasuka, seramu inakuwa ya waridi na kipimo kinaharibika. Na CPK ilikuwa na tatizo ambalo vitabu tulivyosomea vililitaja kwa sentensi moja, kwetu likawa la kila siku: hupanda kwa sindano ya matakoni. Mgonjwa anakuja na kifua na homa, anaanza na sindano ya klorokwini au kwinini, halafu ndipo damu inaletwa maabara. Sindano ile inaumiza msuli, msuli unamwaga CPK, na sisi tunaandika namba ya kutisha ambayo imetoka kwenye tako. Kuli wa bandarini aliyebeba magunia tangu alfajiri naye anakuja na CPK ya juu. Isitoshe, watu weusi kwa wastani wana CPK ya juu kuliko Wazungu hata wakiwa wazima, na kiwango cha mwisho kilichochapwa kwenye karatasi ya kitendanishi kilitoka kwa damu ya watu wa mbali. Tulikuwa tunapimwa kwa kanzu iliyokatwa kwa mabega ya mtu mwingine.

Ufumbuzi wa nusu ulikuja pale wataalamu walipotenganisha CPK ya moyo na ya misuli mingine, ile iliyopewa jina la CK-MB. Huko Ulaya na Marekani ikawa ndiyo kipimo cha kutegemewa miaka ya 1970 na 1980. Mwaka 1979 Shirika la Afya Duniani likaweka kanuni: mtu ana mshtuko wa moyo akiwa na mambo mawili kati ya matatu, yaani maumivu ya aina yake, mabadiliko kwenye mchoro wa umeme wa moyo, na vimeng'enya kupanda na kushuka. Kanuni ilikuwa nzuri kwa kuhesabu wagonjwa kwa namna moja dunia nzima. Ubaya wake ni kwamba ilijibu ndiyo au hapana. Mtu aliyekuwa katikati hakuwa na mahali.

Baba yangu mdogo alikuwa katikati.

Alikuwa fundi cherehani, mshona kanzu. Mwaka 1993 alianza kubanwa kifua akiwa amekaa tu kwenye kiti chake, mguu juu ya pedeli. Alikuja hospitali niliyokuwa nikifanya kazi, katika mji mmoja wa pwani, wakampima umeme wa moyo na mchoro haukuonyesha cha kushikika. Damu niliipima mimi. Aliniambia, "Fanya taratibu mwanangu, mimi nangoja hapa nje." CPK ilitoka 171, na mwisho wa kawaida kwa mwanamume kwa kitendanishi chetu ulikuwa 195. Nilirudia mara ya pili, ikatoka 168. Nikaandika, nikafurahi, nikatoka nje kumwambia. Alipewa dawa za tumbo akarudi kazini. Wiki ya kumi na moja aliondoka usingizini. Shangazi alipoingia asubuhi kumletea chai alikuta taa ya chemli bado inawaka.

Hakuna aliyefanya uzembe. Daktari alifuata kanuni, nami namba zangu zilikuwa sahihi. Nimezirudia kichwani mara nyingi mno: 171, 168. Tatizo lilikuwa kwamba kipimo chetu kiliweza kuona nyumba iliyoungua, hakikuweza kunusa moshi.

Wakati ule ule moshi ulikuwa umeshapata mtu wa kuunusa, ila habari zilikuwa hazijatufikia. Kwa kuieleza inabidi nirudi Tokyo. Setsuro Ebashi alikuwa mwanasayansi wa misuli, na mwaka 1959 yeye na wenzake ndio walioonyesha kwamba CPK hupanda kwenye damu ya watoto wenye ugonjwa wa kudhoofika misuli, jambo lililowafungulia mlango Wafaransa wale. Lakini lililomshughulisha zaidi lilikuwa swali jingine: msuli unajuaje wakati wa kukaza na wakati wa kulegea? Yeye alisema ni kalsiamu, na kwa muda mrefu wengi hawakukubali kwamba chembe rahisi kama hiyo inaweza kuamrisha kazi kubwa kama hiyo. Kati ya mwaka 1963 na 1965, pamoja na mkewe Fumiko Ebashi, na Ayako Kodama, walipata protini inayoipokea kalsiamu na kuufungulia msuli njia ya kujikaza. Wakaiita troponini. Baadaye ikajulikana kwamba ni tatu zilizoshikana: moja inashika kalsiamu, moja inazuia, moja inaifunga nyingine kwenye uzi wa msuli. Zikapewa herufi C, I na T.

Nampenda sana Ebashi katika kisa hiki, kwa sababu hakuwa akitafuta kipimo cha moyo hata kidogo. Alitaka kujua jinsi nyama inavyojikunja. Aliyemtangulia mgonjwa wangu kwa miaka thelathini alikuwa mtu aliyekuwa akichezea misuli ya sungura na maji ya chumvi, na akaliona komeo la mlango wa moyo.

Maana troponini ya moyo haifanani na ya mguu. Ile herufi I ya moyo ina mkia wa ziada wa asidi-amino kama 31 mwanzoni mwake ambao misuli mingine haina. Ukitengeneza kingamwili inayoukamata mkia huo, tako na bega vyote vinatoka kwenye hesabu. Bernadette Cummins na wenzake wa Birmingham, Uingereza, walichapisha kipimo cha troponini I mwaka 1987, mwaka ule ule ninaanza kazi na tyubu zangu za kahawia. Mwaka 1989 Hugo Katus wa Heidelberg, Ujerumani, akachapisha cha troponini T. Cha kwanza cha T kilikuwa na kasoro, bado kilinasa kidogo troponini ya misuli mingine, ikabidi kirekebishwe. Lakini njia ilikuwa imefunguka.

Halafu mwaka 1992 Christian Hamm, Katus na wenzao wakafanya jambo lililobadilisha kazi yetu. Waliwapima watu ambao kwa kanuni ya wakati ule hawakuwa na mshtuko wa moyo. Walikuwa na maumivu ya kifua ya moyo yasiyotulia, watu kama baba yangu mdogo. Kati ya wagonjwa 84 waliokuwa wakiumwa hata wakiwa wamepumzika, 33 walikuwa na troponini T kwenye damu. Katika hao 33, kumi walipata mshtuko wa moyo kamili na watano walikufa wakiwa hospitalini. Katika wale 51 ambao hawakuwa na troponini, aliyepata mshtuko ni mmoja, naye akafa.

Makala hiyo niliisoma mwaka 1998, ikiwa na umri wa miaka sita. Daktari aliyekuja kufundisha kwa muda alituachia sanduku la majarida alipoondoka, na mimi nikawa nayapitia zamu za usiku damu zikizunguka. Nilipofika kwenye jedwali lile niliweka jarida chini nikatoka nje. Kulikuwa na mwembe uani, nikasimama chini yake mpaka mashine ikalia kwamba imemaliza. Watu thelathini na watatu wenye maumivu, na kwa karibu wote kipimo cha zamani kimya. Nilijua kabisa ningemweka wapi mtu wangu.

Kuanzia hapo swali la kipimo likageuka. Miaka arobaini damu ilikuwa inaulizwa: je, limetokea? Sasa ikaanza kuulizwa: litakuja nini? Mwaka 1996 Elliott Antman wa Boston na wenzake walipima troponini I kwa wagonjwa 1,404. Walioonekana chini ya kiwango walikuwa 831, na baada ya siku 42 waliokufa katika hao walikuwa asilimia 1.0. Waliokuwa juu ya kiwango, 573, walikufa asilimia 3.7, na kadiri namba ilivyopanda ndivyo vifo vilivyozidi, ngazi kwa ngazi.

Siku 42 ni muda mfupi. Walioniridhisha ni Waswidi. Bertil Lindahl na wenzake wa Uppsala walichukua wagonjwa 917 wa maumivu yasiyotulia wakawafuata kwa wastani wa miezi 37. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2000 ninayakumbuka kama watu wanavyokumbuka tarehe za harusi. Waliokuwa na troponini T chini ya mikrogramu 0.06 kwa lita walikuwa 173, na waliokufa kwa moyo ni asilimia 1.2. Wa katikati, kuanzia 0.06 hadi chini ya 0.6, walikuwa 367, vifo asilimia 8.7. Wa juu, 377, vifo asilimia 15.4. Angalia kundi la katikati. Hao ndio ambao kwa mazoea yetu tungewaambia "imepanda kidogo tu, usijali," na kwa miaka mitatu walikufa mara saba kuliko wa chini. Damu hiyo ilitolewa siku moja, mgonjwa akiwa bado amelala wodini, na ilikuwa imeshaona mbali kiasi hicho.

Waswidi hao walipima pia CRP, protini ya uvimbe iliyogunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, wala haikuwa na uhusiano na moyo wakati huo. Nayo ilitabiri, tena peke yake: waliokuwa nayo zaidi ya miligramu 10 kwa lita walikufa asilimia 16.5. Hapo ndipo nilipoanza kuamini yale waliyokuwa wakisema wenzetu, kwamba mshipa wa moyo hauzibi kama bomba linavyoziba kwa taka. Unaumwa, unavimba, unachubuka.

Mtu ataniuliza, utabiri una faida gani kama hauna dawa? Ilikuwapo. Katika tafiti hizo hizo ilionekana kwamba waliokuwa na troponini ndio hasa walionufaika na dawa nzito za kuzuia damu kuganda, wale wasio nayo hawakupata nafuu ya maana. Kipimo kikawa kinachagua nani apewe dawa ghali, na nani aendeshwe haraka kwenye chumba cha kuzibua mishipa. Septemba 2000 jumuiya za madaktari wa moyo za Ulaya na Marekani ziliandika upya maana ya mshtuko wa moyo, zikaiweka troponini katikati. Mtu wa katikati akapata jina.

Kutoka hapo mashine zikazidi kunoa macho. Ninapowafundisha wanafunzi kipimo cha siku hizi cha troponini T, kile chenye usikivu wa juu, ambacho mstari wake wa kawaida ni nanogramu 14 kwa lita, huwa nawapa hesabu ya malori. Chukua gramu moja ya troponini. Ili uifikishe kwenye wembamba huo unahitaji maji lita milioni 71. Lori la maji linabeba lita 35,000. Ni malori elfu mbili na zaidi, gramu moja imekorogwa ndani ya yote, kisha mashine inachota tone kutoka lori lolote na kukwambia iko ngapi.

Mwaka 2009 Torbjørn Omland wa Norwei na wenzake wakatumia jicho hilo kwa watu 3,679 wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo uliotulia. Hawa hawakuwa na maumivu mapya, walikuwa majumbani mwao wakiendelea na maisha. Karibu wote, asilimia 97.7, walikuwa na troponini inayopimika. Walipofuatiliwa kwa miaka kama mitano, hatari ya kufa kwa moyo au kulazwa kwa moyo kushindwa kazi ilipanda pole pole pamoja na namba, hata kwa wale waliokuwa chini kabisa ya mstari. Ajabu ni kwamba haikutabiri mshtuko mpya wa moyo. Ilionyesha moyo unaochoka, unaolika kidogo kidogo, na hiyo ni habari tofauti na mshipa unaoziba. Marehemu mwalimu wangu asingeshangaa. Mstari ni wa kutusaidia sisi kupanga karatasi, damu haiujui.

Lipo na jambo la wanawake. Kwa troponini I ya kipimo kimoja kinachotumika sana, mstari wa wanaume ni 34 na wa wanawake ni 16, maana moyo wa mwanamke ni mdogo na humwaga kidogo. Miaka tulipotumia mstari mmoja kwa wote, mama zetu wangapi walirudishwa nyumbani wakiambiwa ni mawazo? Hili likinijia huwa nakasirika bado.

Nimesema mengi ya mishipa, na sitaki kudanganya kwamba huo ndio ugonjwa mkubwa wa moyo kwetu. Utafiti uliohusisha wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa kazi katika nchi tisa za Afrika, zikiwamo Kenya na Uganda, uliotoka mwaka 2012, ulionyesha umri wao wa wastani ni miaka 52 tu, na chanzo kikuu ni presha. Mishipa kuziba ilikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Baada ya miezi sita karibu asilimia 18 walikuwa wamekufa. Kwa hiyo kipimo kinachotufaa zaidi kina ukoo mwingine. Mwaka 1981 Adolfo de Bold wa Kingston, Kanada, alisaga vyumba vya juu vya mioyo ya panya, akawadunga panya wengine maji hayo, nao wakakojoa maji na chumvi kwa wingi. Moyo, kumbe, ni tezi pia. Ukilemewa na maji unayaamuru yatoke. Mwaka 1988 Wajapani wa kundi la Hisayuki Matsuo wakapata homoni ndugu yake kwenye ubongo wa nguruwe, wakaipa jina la ubongo, BNP, na jina likabaki ingawa kwa binadamu hutoka zaidi kwenye vyumba vya chini vya moyo. Kipande chake, NT-proBNP, ndicho tunachopima. Huko Copenhagen walikipima kwa watu 1,034 wenye ugonjwa wa mishipa uliotulia, wakawafuata miaka tisa, 288 wakafa; na kiwango cha katikati cha waliokufa kilikuwa zaidi ya mara tatu ya kile cha waliobaki hai.

Lakini nisiseme mishipa si yetu. Mwaka 2020 ilichapishwa kazi iliyofanywa Moshi na watafiti wa Tanzania na Marekani, waliowapima troponini na umeme wa moyo watu 681 waliofika idara ya dharura na maumivu ya kifua au kukatika pumzi. Waliokutwa na mshtuko wa moyo ni 152. Siku ya thelathini ilipofika, 66 kati ya hao walikuwa wamekwisha kufa. Siku hizi kipo kipimo cha haraka, kikaseti cha mistari miwili kama kile cha malaria, matone machache na dakika 15, nacho nimekiona hadi kwenye vituo vya afya. Mstari mmoja, huna; miwili, unayo. Kinaokoa watu, nakishukuru. Ila kinaturudisha kwenye ndiyo na hapana, na namba ndogo haina pa kuandikwa.

Mwezi uliopita nilikuwa nimekaa na kijana wa mazoezi mbele ya skrini. Yalikuwa yametoka majibu ya mama mmoja wa miaka 58, mgonjwa wa presha, ametoka kliniki akilalamika anachoka akipanda ngazi. Troponini T yake ilikuwa 13. Mashine imeiandika kwa wino mweusi, haikuweka alama yoyote, maana mstari ni 14. Kijana akaweka kidole kwenye kitufe. "Mama, nithibitishe kawaida?"

Nikamwambia afungue kwanza majibu ya mwaka jana. Alichelewa kidogo kuyapata, namba ya faili ilikuwa imekosewa herufi. Ilikuwa 6.

Alinitazama, nami sikusema kitu. Akavuta fomu, akaandika 6 na tarehe yake, 13 na tarehe yake, akageuza tyubu kutafuta saa damu ilipotolewa, akaandika saa nne na dakika kumi asubuhi. Kisha akanyanyua simu kuwapigia kliniki kabla yule mama hajafika kituo cha daladala.